Nyekundu Haiulizwi

Melini, 3 Machi

Wifi yangu,

Kwanza nywele. Ulisema misuko hii itanifikisha mwezi mzima bila tabu. Upepo wa huku haujui saluni wala heshima, na upande wa kushoto umeshaanza kuachia. Nimefunga kitambaa, na watu wanadhani ndio mtindo wa wakubwa.

Pili, mumeo ni mzima. Anakula, anakoroma, ananitania. Tangu nipewe hiki cheo cha Mkuu wa Sayansi haniiti tena dada. Akinikuta kwenye ngazi anasimama kando, anapiga saluti, anasema, "Pita, mheshimiwa." Nimemwambia nitamtia makofi mbele za watu, naye akanijibu kwamba bosi akimpiga mfanyakazi hiyo ni kesi.

Siku naondoka uliniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi, maana wateja wako wanakusumbua na wewe umechoka kuwajibu "anaangalia samaki." Siangalii samaki, mimi ni mtu wa mawe. Tuna chombo cha kuzamia, tufe la chuma lenye viti vitatu na madirisha ya kuchungulia, ukinyoosha miguu umempiga mwenzako. Kinashushwa majini kwa winchi, kisha kinazama chenyewe mpaka chini kabisa, mahali jua halijawahi kufika tangu dunia iumbwe. Mumeo anaendesha, na wanasayansi wawili wanatazama na kukusanya. Miaka yote nilikuwa mmoja wa hao wawili. Sasa mimi ndiye ninayeamua nani ashuke, lini na wapi. Nikisema "shusha," watu watatu wanakwenda mahali ambako hakuna wa kuwafuata. Wateja wako waambie hivyo.

Tunachotafuta ni mabomba ya mawe yanayotoa maji ya moto kwenye sakafu ya bahari. Yamejijenga yenyewe, hayakujengwa na mtu. Nimeziona dalili zake kwa misimu mitatu, joto hapa, chembe za madini pale, na nina uhakika yako chini yetu. Natamani yaonekane mpaka usingizi unaniruka, ingawa sasa atakayeyaona kwanza ni mumeo na si mimi.

Kuna jambo moja nataka ulijue ili na wewe ulale vizuri. Mkuu aliyenitangulia, yule mama tuliyekuwa tukimwita Bibi Hapana, alituachia utaratibu. Kila mtu wa timu ana kete mbili za drafti, moja nyeupe na moja nyekundu. Siku moja kabla ya kushuka, tukishakula, kopo linazunguka. Unatumbukiza kete moja, mkono umefumba, na ile nyingine unaitia kwenye mfuko wa kitambaa. Kisha Mkuu anamimina kopo mezani. Zikiwa nyeupe zote, kesho tunashuka. Ikiwemo nyekundu hata moja, hatushuki, na hakuna ruhusa ya kuuliza ni ya nani wala kwa nini. Labda mtu ameona nati imelegea, labda kichwa kinamuuma, labda ameamka tu roho haitaki. Nyekundu haiulizwi. Tukishamaliza, Mkuu anawagawia watu kete zao upya.

Mashua ya mahitaji inaondoka kesho na barua zetu. Simu ya setilaiti iko pale juu kwa nahodha, ukikohoa tu meli nzima inajua una mafua, kwa hiyo mimi na wewe tutaandikiana.

Wabusu pacha. Waambie shangazi yao anawaletea mawe.

Wifi yako,
Mkuu (usicheke)

*

Saluni, 11 Machi

Mheshimiwa Mkuu, wifi wa hiari na wa lazima,

Barua yako nimeisoma kwa sauti saluni nzima. Mteja mmoja chini ya mashine ya kukaushia alikuwa anasema "endelea, endelea" mpaka nywele zikaanza kunukia. Kumbe hiyo ndiyo kazi! Nilidhani bosi ni mtu wa kukaa kwenye kiti kinachozunguka na kusaini.

Misuko usiifungue. Paka mafuta kwenye ngozi, bana upande wa kushoto na pini, na uache kujikuna unapofikiri, nakujua.

Sasa nisikilize. Huyo rubani unayempangapanga ni mume wangu. Nimekuazimisha. Kitu cha kuazima kinarudishwa kilivyochukuliwa, tena kikiwezekana kimesafishwa. Nakutania, lakini sikutanii. Akishuka kwenye hilo tufe lenu mimi hapa nasuka kichwa cha mtu na vidole vimekufa ganzi. Hajui, na usimwambie, atajiona mtu sana.

Hizo kete ndizo zimenipa pumzi. Yule Bibi Hapana Mungu amzidishie. Maana mume wangu mwanamume, na wanaume wakiwa wengi pamoja hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema naogopa. Mkono umefumba, hiyo sawa. Ningekuwa nazo nyumbani, pacha wangenitilia nyekundu kila siku ya kuoga.

Mmoja wao kavunja kioo cha dirisha la jikoni, mwingine kasema ni upepo. Nimewachapa wote wawili na upepo pia.

Wifi yako,
Mama Pacha

*

Melini, 18 Machi

Wifi,

Leo sina utani, nivumilie.

Bahari imetulia siku zote hizi mpaka inaudhi, na chombo changu kimekaa kwenye sitaha kimefunikwa turubai. Nyekundu. Tukangoja, tukazungusha kopo tena. Nyekundu. Mafundi wamekagua kila waya, kila mfuniko, kila pampu, hakuna kitu. Ofisi kuu wananiandikia kila asubuhi: mbona chombo hakishuki? Nijibu nini? Kwamba kuna kete? Bibi Hapana alikuwa na jina, akisema hapana wanainamisha vichwa. Mimi nimeingia juzi, na mimi hapana yangu inaitwa kushindwa kazi.

Mimi ni mwanasayansi, wifi. Ukinipa jiwe bila kuniambia limeokotwa wapi, nitaumwa. Kuna habari mezani kwangu, nyekundu kama damu, na haina chanzo. Nilishindwa. Nilichukua penseli nikaweka nukta chini ya kila kete, ndani kabisa kwenye mikunjo, mahali ambapo hata mwenyewe usingeona. Nukta moja kwa huyu, mbili kwa yule. Nikawagawia kama kawaida. Najua ulivyokunja uso. Lakini kuuliza si ujinga, na kwa kweli sikuuliza mtu.

Jana kopo limezunguka. Nyekundu tena. Nilipobaki peke yangu niliigeuza, na nilitamani nisingeigeuza. Nukta tatu. Nukta tatu ni mumeo.

Mdogo wangu! Niliyembeba mgongoni! Anapiga saluti kwenye ngazi, kumbe anakaa kwenye kopo ananifungia njia. Kikulacho ki nguoni mwako. Najua na yeye watu walimtajataja kwa cheo hiki, maana ameshuka mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai kwenye meli hii, lakini alicheka akasema yeye ni dereva. Sasa nafikiri labda kicheko kile hakikuwa kicheko. Au anaumwa na amekuficha na wewe? Au ameanza kuogopa? Siwezi kumwuliza, nikimwuliza nimejitangaza. Mwulize wewe, kwa akili, kama vile umewaza mwenyewe.

Nisaidie, nina hasira na nina huzuni, na sijui ipi imetangulia.

Wifi yako

*

Saluni, 24 Machi

Baba Pacha,

Habari za huko. Sisi wazima, dirisha limetiwa kioo.

Nakuuliza swali na unijibu kama mume, si kama rubani. Una nini? Kuna mahali panakuuma? Una kinyongo na dada yako kwa ajili ya kile cheo? Kama unaogopa kushuka, niambie mimi, sitakucheka, nitafurahi sana. Usiniulize nimeyatoa wapi haya. Nimewaza mwenyewe, kwa akili.

Mkeo

*

Melini, 30 Machi

Mama Pacha,

"Nimewaza mwenyewe, kwa akili." Mke wangu, hujawahi kuwaza kwa akili bila dada yangu kukuandikia. Sasa kaa nikuambie, na usimwambie yeye.

Mimi sina kinyongo na sina ugonjwa. Hiyo nyekundu si yangu.

Siku dada alipotugawia zile kete nilizigeuza, ni tabia yangu tu, nagusa kila kitu kabla sijakitumia. Nikaona nukta. Nikatazama za mwenzangu aliyekuwa karibu, nikaona za kwake ni idadi nyingine. Nikaelewa pale pale. Dada yangu tangu mtoto akipoteza kitu anapekua mifuko ya nyumba nzima. Nikamwonyesha mwenzangu. Uso wake ulibadilika, nami nikajua alikuwa na nia ya kutia nyekundu kesho yake na sasa hatatia. Nikampa zangu, nikachukua zake. Sikumwuliza kitu. Nyekundu ikaingia kopo kwa nukta za kwangu, na mimi ndiye niliyeshukiwa. Bora mimi. Mimi ni ndugu yake, atanigombeza na tutakula pamoja. Yule mwingine angemfikiria vibaya mpaka mwisho wa msimu.

Kinachonitisha si hicho. Meli ni ndogo, na maneno hayana mlango. Sasa kila mtu anajua kuhusu nukta isipokuwa yule aliyeziweka. Tangu siku ile, nyeupe tupu. Dada anatabasamu, ofisi kuu wanatabasamu, nami nashuka. Nimeshashuka mara mbili, Mama Pacha, juu ya nyeupe ambazo siamini hata moja. Juzi pampu ilikuwa na mlio nisioupenda, na ningetia nyekundu, lakini tunaendelea kubadilishana kete na yule mwenzangu, na nikitia mimi itasomwa ni ya kwake. Nikaenda karakana nikaifungua pampu kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa chembe ya mchanga tu.

Utasema nimwambie dada. Nikimwambia, swali lake la kwanza litakuwa ile ilikuwa ya nani. Sitamjibu, naye hatanyamaza, na tutatupiana maneno, ndugu wa tumbo moja, mbele ya meli nzima. Dada yangu kosa akiliona mwenyewe analikiri mchana kweupe. Ukimwonyesha wewe anakuwa mbuzi, unavuta kamba yeye anakaa chini. Namngoja.

Ulisema kama naogopa nikuambie. Basi naogopa kidogo. Ila kushuka kwenyewe nakupenda bado.

Mumeo

*

Melini, 6 Aprili

Wifi yangu,

Mume wako yuko hai, na hana hata mkwaruzo. Nimeandika hilo juu kabisa ili usome yanayofuata umetulia.

Tulikuwa na nyeupe tupu kwa zaidi ya wiki mbili, tukashuka mara kadhaa, na nikajidanganya kwamba mdogo wangu ameona aibu akaacha. Jana asubuhi tukashusha. Yeye na wanasayansi wawili ndani, mfuniko umefungwa, chombo kimeinuliwa kinaning'inia nyuma ya meli juu ya maji. Kwenye winchi alikuwa yule mrefu tunayemwita Twiga, mkono wake ni wa kuaminika kuliko saa. Nikaona chombo kinayumba. Nikafikiri ni wimbi, lakini bahari ilikuwa shwari kabisa. Kikayumba tena, kikagonga nguzo ya chuma, na mlio ule sitausahau. Nikageuka, nikamwona Twiga ameegemea usukani kwa kifua, jasho linamtiririka, macho hayaoni mbele. Mwenzake akamrukia, akashika usukani, wakarudisha chombo sitahani taratibu, taratibu. Twiga akakaa chini pale pale. Nilimgusa shingo, alikuwa moto wa homa, mtu wa kulazwa si mtu wa kusimama.

Nikamfokea, Mungu anisamehe, mtu mgonjwa. "Kwa nini hukutia nyekundu?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Mkuu, nyekundu za siku hizi zina macho."

Wifi! Kumbe walijua, wote. Nilikuwa nakaa mezani namimina kopo la uongo nililolipika mwenyewe, halafu nawapandisha watu kwenye chombo. Mumeo alikuwa mle ndani! Angeanguka na lile tufe waya ukiachia, mfuniko umefungwa, na mimi ningesema nini kwako? Kwamba nilitaka kujua chanzo?

Nimewaita wote kwenye chumba cha chakula, hata mpishi. Nikamimina kete zote mezani na kuzigeuza chali. Nikasema: hizi nukta nimeweka mimi, niliona kujua ni haki yangu kwa sababu mimi ni Mkuu, na jana nusura niwaue watatu. Nikawaambia nimeshaiandikia ofisi kuu hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na wakitaka kuleta mtu mwingine nitampisha. Mpishi alikusanya kete zote akazitupa kwenye pipa la taka, kisha akauliza kama watu wanataka chai.

Nikamfuata mdogo wangu kwenye ngazi. Nikamwambia nilimshuku. Akasema, "Ulishuku kete, dada, hukunishuku mimi." Amesema dada. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Sijui sasa nifanye nini. Najua tu kwamba walionyamaza jana wanaweza kunyamaza kesho.

Wifi yako

*

Saluni, 7 Aprili

Wewe mwanamke,

Nimefunga saluni kuandika hii. Nimebandika karatasi mlangoni, "Msiba," na wateja wanagonga wananipa pole.

Mume wangu kaniambia nisikwambie. Sikwambii. Lakini mkono unaandika wenyewe. Ile nyekundu si yake! Aliona nukta zako, akabadilishana kete na mwenzake ili wewe usimjue. Na meli nzima inajua. Na nyeupe zako zote ni nyeupe za woga. Na mume wangu anashuka juu yake, na kaniandikia kwa mkono wake "naogopa kidogo." Unajua mume wangu kusema "naogopa kidogo" ni nini? Siku pacha wanazaliwa wakatoka wote wawili bila taarifa, hakusema hivyo!

Kuuliza si ujinga, uliniandikia. Sawa. Lakini kupekua mfuko wa mtu ni utovu wa adabu, na wewe umepekua mifuko ya watu wote kwa pamoja. Uliwapa kisu ukabaki umeshika mpini. Nani atakuambia ukweli tena? Mimi hapa mteja akiniambia maji ya moto namwamini, sitafuti ni kwa nini ngozi yake ni laini. Napunguza moto. Basi!

Nimekwenda dukani nikanunua drafti mpya, kete zote ziko ndani ya boksi hili. Nimezikagua moja moja, juu na chini, hazina kitu. Mpe mpishi azitunze. Wewe usizishike kabisa, ukizikuta njiani zipite.

Na usimwulize mume wangu ile ilikuwa ya nani. Ukimwuliza, mimi na wewe basi.

Nakupenda, ndiyo maana napiga kelele. Nirudishie mume wangu.

Mama Pacha

*

Melini, 24 Aprili

Wifi yangu kelele,

Barua zetu zilipishana kwenye mashua. Wakati unafunga saluni kwa msiba, mimi nilikuwa nimeshaomba radhi, lakini nimeisoma yako yote mpaka mwisho na kila neno limenipata mahali pake. Kumbe mdogo wangu alibeba lawama ya mtu mwingine mgongoni akawa ananipigia saluti! Sikumwuliza ilikuwa ya nani. Nilitamani, sitakudanganya. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikarudi.

Kete zako anazo mpishi. Anazichanganya kwenye sufuria kubwa, na kila mtu anaingiza mkono mwenyewe. Twiga amepona, yuko kwenye winchi.

Sasa nikueleze shida iliyobaki, maana ilikuwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Tulianza kuzungusha kopo upya, na kila mara nyeupe. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Wenzangu wananiangalia, haya Mkuu, zote nyeupe, tushuke. Na mimi siwezi. Kama mtu hathubutu kutia nyekundu, nyeupe yake ina thamani gani? Nikawaambia wazi kwamba chombo hakishuki mpaka niamini kopo. Tukashusha kamera kwa waya, tukachora ramani, tukapima maji. Ofisi kuu wakaja juu. Wakasema ni mara yao ya kwanza kusikia Mkuu anayekataa ndiyo za watu wake. Wakanipa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo watamleta mwingine na mimi nirudi darasani kufundisha. Mdogo wangu alinijia akaniambia, "Dada, msimu unaisha, na yale mabomba ni yako." Nikamwambia mabomba yamekaa pale bila mimi miaka mingi sana, yatakaa. Nilisema hivyo kwa kiburi, kisha nikaenda nikalia chumbani.

Jumanne bahari ilikuwa kama ubao, na kesho yake ilitabiriwa kuwa shwari zaidi. Siku bora kuliko zote. Kila mtu anajua ikipita hiyo hatuna nyingine ya uhakika. Tukala, kopo likazunguka, mpishi akamimina.

Nyekundu!

Moja tu, katikati ya nyeupe zote, imekaa pale mezani haina aibu. Watu wote wananiangalia uso. Wifi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na machozi yakanitoka hivyo hivyo. Nikasema, "Asante, yeyote uliye. Kesho hatushuki. Laleni." Sikutazama sura ya mtu hata mmoja, nilitazama chai yangu. Nikasikia Twiga anacheka, kisha na wengine, na mpishi akatoa biskuti alizokuwa anatuficha tangu tuondoke.

Siku ile nzuri tuliilala. Watu walifua nguo. Ofisi kuu nikawaandikia sentensi moja, kwamba timu yangu imepona, na kwamba wakitaka kumleta mwingine sasa atakuta kazi imekamilika. Hawakunijibu kitu mpaka leo, na nimeanza kuzoea ukimya wao.

Mumeo mzima. Misuko imekufa rasmi, nimeifumua yote, ninakuja na kichwa cha aibu.

Wifi yako,
Mkuu

Nimesahau. Ijumaa kopo lilitoka jeupe, na nililiamini, kesho yake tukashusha. Mabomba yapo. Marefu kuliko nyumba yako, yanatoa moshi mweusi ndani ya maji, na mdogo wangu alinipigia kwa simu ya chomboni akashindwa kusema chochote. Nilisikia tu anavyopumua.

*

Saluni, 2 Mei

Wifi yangu,

Mtu anatafuta kitu misimu mitatu, anakipata, anakiandika chini ya sahihi! Wateja wamekupigia makofi, na yule wa mashine ya kukaushia anasema na yeye anataka kuona huo moshi.

Na mimi nina la kukuambia, sijawahi kumwambia mtu. Tangu niolewe na ndugu yako, barua yoyote ikitoka melini huwa siifungui hapo hapo. Naenda chumba cha nyuma, nafunga mlango, nakaa kwenye kreti la mafuta, naegemea ukuta, ndipo nachana bahasha. Miaka yote hiyo. Nilikuwa najiandaa, ili nikianguka nisianguke mbali.

Hii ya juzi imeletwa nikiwa na kichwa cha mteja kwenye sinki. Nimeichana kwa meno na kuisoma nimesimama, maji yanatiririka, mkono mmoja uko kwenye povu. Nilipofika kwenye nyekundu nilipiga yowe, na mteja wa watu akaingiwa na sabuni machoni. Nimemwosha bure.

Msimu ujao utakapomchukua tena, usiniombe ruhusa. Mchukue.

Njoo nikusuke.

Mama Pacha